Ardhi ya mke haikugeuka kuwa ya mume

Wasomaji wengi wa historia ya makabaila wa Ireland huamini kwamba mwanamke mwenye urithi alipoolewa, ardhi yake iligeuka mali ya mumewe. Imani hiyo ina chanzo: kwa sheria ya Kiingereza ya enzi hizo, mume ndiye aliyeisimamia ardhi na kula kodi zake muda wote wa ndoa. Lakini kusimamia si kumiliki. Bila ridhaa ya mke hakuweza kuiuza ikaenda kabisa, na kwa kawaida urithi ulishuka kwa warithi wa mke.

Chukua mali za ukoo wa makabaila wa Ormond, kule Kilkenny, Ireland. Kabaila mzee alipofariki mwaka 1614 bila kuacha mwana, cheo kilikwenda kwa mpwa wake, na sehemu kubwa ya ardhi mfalme akaamua iende kwa binti wa marehemu na mumewe. Ugomvi ulidumu hadi 1629, mjukuu wa kike wa marehemu alipoolewa na mrithi wa cheo. Miaka ya 1650, mume akiwa uhamishoni na mashamba yametwaliwa na serikali, mjukuu huyo alidai urithi wake mwenyewe, akarudishiwa sehemu pamoja na nyumba ya Dunmore. Angewezaje, kama haki yake ilikwisha siku ya harusi?

Ukitaka kuhakiki simulizi za aina hii, usiishie kwenye nasaba. Soma mkataba wa ndoa na wosia, uone ardhi inakwenda kwa nani baada ya kifo. Rekodi nyingi za Ireland ziliteketea Dublin mwaka 1922, kwa hiyo tafuta pia nyaraka zilizohifadhiwa na familia zenyewe.