Dawa za mzio ukiwa tayari unatumia dawa za hospitali: maswali tunayoulizwa kila siku

Dawa za mzio ni zipi?
Ni zile unazonunua bila cheti cha daktari kwa ajili ya mafua, chafya, macho kuwasha au upele: Piriton (klofeniramini), promethazini, setirizini, loratadini. Baadhi zimo pia ndani ya vidonge vya mafua na dawa za maji za kikohozi, hata kama muuzaji hakukuambia.

Piriton si dawa ya kawaida tu? Ina shida gani na dawa zangu?
Klofeniramini na promethazini hupunguza kasi ya ubongo. Diazepamu ya wasiwasi, amitriptilini ya sonona au maumivu ya neva, tramadoli ya maumivu makali na fenobabitoni ya kifafa nazo hupunguza kasi ya ubongo. Ukizimeza pamoja, usingizi unakuwa mzito kupita kiasi na pumzi inaweza kushuka, hasa kwa mzee au mwenye ugonjwa wa mapafu. Pombe inazidisha hatari hiyo. Na wewe wa bodaboda, usishike usukani.

Lakini mgonjwa akilala si ndiyo dawa imefanya kazi?
Hapana. Piriton inatibu mzio, na usingizi ni athari yake tu. Hapa hospitalini tunaletewa bibi aliyelala tangu jana jioni, ukiuliza unaambiwa "tulimwacha apumzike." Jamani, msimwache! Mwiteni kwa jina, mtikiseni bega. Asipoamka, au akiamka anaongea visivyoeleweka, au anapumua polepole, au anakoroma kwa namna isiyo yake, mlazeni ubavu na mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Msisubiri kukuche, wala foleni ya magari ya Barabara ya Mandela ipungue.

Tukimnywesha maziwa kwanza?
Hapana, hapana kabisa. Mtu asiyejitambua hanyweshwi kitu, iwe maziwa au maji ya ndimu. Atapaliwa na yataingia mapafuni. Dakika mnazotumia kutafuta maziwa ndizo za kutafuta usafiri. Njooni na dawa zake zote, pamoja na zile za chini ya mto.

Setirizini na loratadini je?
Zina usingizi mdogo zaidi, ingawa setirizini huwalaza baadhi ya watu. Mwenye shida ya figo aulize kwanza, maana dozi ya setirizini hupunguzwa.

Nina presha.
Chunga vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini au finilefrini. Vinabana mishipa ya damu, presha inapanda huku unaendelea kumeza dawa ya kuishusha.

Baba ana tezi dume, anapewa amitriptilini ya ganzi miguuni.
Asiongezewe Piriton. Zote mbili zinaweza kuziba mkojo. Akipitisha saa kadhaa anataka kukojoa na hautoki, tumbo la chini limejaa na linauma, ni hospitali, awekewe mpira wa kutoa mkojo. Kumwongezea maji ya kunywa kunazidi kumtesa.

Nifanyeje nikienda duka la dawa?
Taja dawa zote unazotumia kabla hujataja mafua. Kisha kataa ile bahasha ndogo ya kaki yenye vidonge vya njano, juu imeandikwa "1x3" na hakuna jina la dawa. Tukipokea mgonjwa hajitambui na bahasha ya namna hiyo, tunaanza kubahatisha. Mwombe muuzaji aandike jina na miligramu. Na daktari akikuuliza unatumia dawa gani, itaje Piriton. Wengi hujibu "situmii kitu" na wamemeza mbili asubuhi hiyo.

Mwanangu anatumia dawa ya kifafa na usiku halali. Nimpe kidogo tu ya promethazini?
Usimpe. Chini ya miaka 2 hairuhusiwi hata kwa mtoto asiye na ugonjwa mwingine, kwa sababu inaweza kusimamisha pumzi. Mkubwa kidogo anayetumia fenobabitoni naye usimpe bila daktari wake. Mtoto mwenye kifafa asiyelala anahitaji kuonwa kliniki, kwa hiyo mpeleke, na hiyo chupa ya promethazini uibebe.