Mafuriko ya Mto Seine: yasemwayo Paris na yalivyo

“Yalikuwa mafuriko ya miaka 100. Yameshapita.”

Jina hilo ndilo linalopotosha. Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, na mto hauna kalenda. Ukikaa bondeni miaka 30, uwezekano wa kuyaona ni kama asilimia 26. Tarehe 28 Januari 1910 kipimo cha kimo cha mto kwenye daraja la Austerlitz, Paris, kilisoma mita 8.62, miaka 14 tu baadaye, 7.32. Yale ya Juni 2016, yaliyolifanya jumba la makumbusho la Louvre lihamishie ghorofa za juu kazi za sanaa zilizokuwa chini, yaliishia 6.10.

“Siku hizi kuna mabwawa.”

Yapo manne makubwa, yenye jumla ya mita za ujazo milioni 800 hivi. Yanapunguza kimo cha mafuriko, hayayazuii. Mto Loing, kwa mfano, unaingia Seine ukiwa umeyapita yote pembeni, na 2016 mvua kubwa ilinyesha hukohuko. Isitoshe, mabwawa hujazwa tangu majira ya baridi ili mto usipungue mno kiangazini, kwa hiyo ikifika Juni nafasi ni ndogo. Bwawa lililojaa halipokei mgeni.

“Mtaa wetu uko mbali na ukingo.”

Mwaka 1910 kituo cha Saint-Lazare kilifikiwa na maji yaliyopita chini: mahandaki ya treni na mifereji. Leo huko chini kumesongamana zaidi, na umeme unaweza kukatika hata kwenye mtaa mkavu.

“Maji yakijaa chumba cha chini, yapampu yote upesi.”

Hili ndilo linalobomoa nyumba. Maji ya ardhini hukawia kushuka hata mto ukishapungua, nayo husukuma kuta na sakafu kutoka nje: kila mita ya tofauti ni karibu tani moja kwa mita ya mraba. Yaliyo ndani ndiyo yanayojibu msukumo huo. Yaondoe ghafla, sakafu itanyanyuka na ukuta utapasuka. Umeme ukishazimwa, toa sentimita 30, piga alama ukutani, lala. Asubuhi alama ikiwa imefunikwa, bado mapema. Ikiwa wazi, toa 30 nyingine. Pampu ya petroli ikae nje, maana moshi wake huua kimyakimya.