Jana saa tatu asubuhi mtoto alikuwa na nani?

Ukiingia Nyalenda ama Manyatta hapa Kisumu uulize mama "nani anakulelea mtoto?" atakujibu "ni mimi", na hadanganyi, yeye ndiye analisha, ndiye analipa, ndiye anaamka usiku homa ikipanda. Lakini huyo mama yuko soko la Kibuye na mitumba tangu asubuhi, na mtoto wa mwaka mmoja na nusu hayuko naye huko. Yuko kwa nyanya wa mlango wa pili, ambaye kwa swali kama hilo hata hakumbukwi. Mtafiti akiandika jibu la kwanza aende zake, anarudi ofisini na data inaonyesha watoto wote wa Kisumu wanashinda na mama zao, halafu sasa aanze kushangaa hao wamama wanauza samaki saa ngapi.

Kazi yangu ni hiyo, kufuatilia watoto chini ya miaka mitatu wanaobaki kwa jamaa, rafiki na majirani, Kisumu na kidogo Nakuru, na swali la "nani analea" tuliachana nalo. Tunaipitia jana. Jana uliamka saa ngapi, ulitoka saa ngapi, mtoto ulimwacha na nani, na huyo naye alipoenda kuchota maji mtoto alibaki na nani? Hapo ndio unaskia ukweli, kwamba mtoto mmoja asubuhi alikuwa na binamu, saa nne binamu akaitwa kibarua cha kufua akampitisha kwa mama wa kibanda, jioni kaka yake akitoka shule akamchukua akaenda naye kucheza mpira. Wote hao ni walezi, na kwa fomu nyingi kuna nafasi ya mmoja tu.

Malipo nayo ni hadithi nyingine. Uliza "unamlipa?" na utaambiwa "hapana, tunasaidiana tu", alafu ukae kidogo uulize siku ukirudi kutoka soko huwa unampitia na nini. Aa, sukari kidogo, omena, nyanya zikibaki, nikiuza vizuri namtumia mia kwa simu, nywele za msichana wake nasuka mimi. Mimi nasema hayo ni malipo na sitayaweka kwa safu ya "bure", juu siku vitu hivyo vikikosekana wiki mbili tatu huyo jirani ghafla ana safari za kwenda ushago kila mara. Nakuru, maeneo kama Kaptembwo na Rhonda ambako ploti moja ina wapangaji kutoka kila kona ya nchi na hakuna shangazi wa karibu, utapata zaidi beibikea, nyumba za kuangalizia watoto, za kulipwa kwa siku, pesa asubuhi ndio mtoto aingie. Si eti huku ni upendo na kule ni biashara, ni vile kule huna jamaa wa kukopa siku zake.

Na msidhani ni mambo ya Afrika. Marekani walipofanya uchunguzi wa kitaifa mwaka wa 2012 walipata kama watu milioni 3.7 wanaoangalia watoto wadogo wa wengine nyumbani, na walio kwenye orodha rasmi za serikali walikuwa kama 118,000 tu. Wengi wa waliobaki hawalipwi, ni jamaa na majirani.

Huku kwetu tumeandikwa kitambo kwa hii mambo, shida waliosomwa hawakuletewa majibu. Kina LeVine, watafiti wa Marekani, walikaa Kisii miaka ya 1950 wakaona wasichana wadogo wakibeba wadogo zao siku nzima mama akiwa shambani. Thomas Weisner, mtafiti mwingine wa huko, naye alifanya utafiti kwa Waluhya wa Kisa, magharibi mwa Kenya, na 1977 yeye na Ronald Gallimore wakachapisha makala kuhusu watoto kulea watoto. Ikaja 2003, shule ya msingi ikawa bila karo, na yule msichana wa miaka nane sasa yuko darasani. Lakini hajaacha kulea, anarudi kazini likizo, na ndio maana ukikusanya data Agosti shule zikiwa zimefungwa unapata picha tofauti kabisa na ya Juni, mtaa ni ule ule. Ripoti isiyosema ilikusanywa mwezi gani mimi huisoma nikiwa na wasiwasi.

Kuingia kwa nyumba za watu sasa. Karatasi ni lazima, kibali cha NACOSTI, tume ya serikali inayoruhusu utafiti, kamati ya maadili, barua kwa chifu, sawa. Ila ukifika na mtu wa chifu milango inafunguka haraka na majibu yanakuwa safi kupita kiasi, kila mtoto amekula mayai. Katiba ya 2010 iliweka vituo vya kulelea watoto chini ya kaunti, kwa hivyo mtu akiona tableti na beji anajua umetumwa uhesabu watoto ndio umfungie. Sisi tunatembea na CHP wa mtaa, yaani mhudumu wa afya wa jamii, maana huyo amewahi kupima watoto wa hiyo ploti na hawamuogopi, na hata hivyo siku ya kwanza simu hazitoki mfukoni, tunaongea tu.

Kitu inanikasirisha zaidi ni kupima ubora. Vile vipimo vya Marekani vya malezi ya nyumbani vinauliza kuhusu fanicha ya saizi ya mtoto, vitabu vingapi, sehemu ya kuchezea. Mlezi wa Obunga, mtaa mwingine wa Kisumu, ana chumba kimoja, anamenya njugu mlangoni na watoto wawili, mmoja mgongoni, mwingine anahesabu maganda huku akijibiwa kila neno. Kwa fomu huyo anakaribia sifuri. Mfumo wa malezi wa WHO, UNICEF na Benki ya Dunia wa 2018 uko na nafuu, unaangalia afya, lishe, usalama, mtoto anavyoitikiwa na nafasi ya kujifunza, na hapo njugu zinahesabika. Lakini pia sitaki tuwe tunasifu umaskini: jiko la makaa liko hapo hapo sakafuni, na mvua ya Aprili ikileta mafuriko hiyo nyumba haifai mtoto wala mtu mzima. Yote mawili nayaandika.

Tukikuta mtoto ana homa kali tunaacha maswali, CHP anaandika rufaa ya kwenda hospitali. Tukiona dhuluma tunapiga 116, simu ya bure ya kusaidia watoto, na hiyo mlezi anaambiwa kabla hajaweka sahihi. Wengine wakisikia hivyo wanakataa kuhojiwa, na tunawaandika kama waliokataa, hatuwabadilishi na jirani mwepesi kuongea.