Mwenye duka la katuni: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Katika jiji la Mwanza, ambako mazungumzo ya biashara huanzia kwenye sangara na dagaa, yakapitia dhahabu ya Geita na kuishia kwenye mitumba ya Mlango Mmoja, mtu aliyepanga fremu ili auze vitabu vya katuni huonekana kama mtu anayechezea mtaji. Dhana zilizoenea kumhusu ni nyingi, na mara nyingi husemwa kwa nia njema na watu ambao hawajawahi kusimama kwenye kaunta yake hata kwa nusu saa. Inafaa kuzipima dhana hizo kwa yale yanayojulikana kuhusu biashara hii nchini Marekani, ambako maduka yanayouza katuni tu yalikua mapema na kuacha kumbukumbu nyingi, na kwa yale yanayoonekana katika maduka madogo ya vitabu na magazeti ya hapa kwetu, ambako katuni hukaa rafu moja na vitabu vya mtumba na madaftari ya shule.

Inayosikika zaidi ni kwamba katuni ni vitu vya watoto, na kwa hiyo mwenye duka ni muuza midoli tu. Historia ya Tanzania yenyewe inaikataa dhana hii. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wasomaji wa gazeti la Uhuru walimfahamu Chakubanga, mhusika wa mchoraji Christian Gregory, na waliomfuatilia walikuwa watu wazima waliotaka kucheka na kuyatafakari maisha ya mjini katika nchi iliyokuwa ingali changa. Katika miaka ya 1980 jarida la Sani, lililoasisiwa na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lilichapisha kazi za Philip Ndunguru, mchoraji aliyefariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wahusika kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa wakawa wanatajwa vijiweni kama watu wanaoishi mtaa wa pili. Nakala moja iliazimwa mkono kwa mkono hadi kurasa zikachakaa. James Gayo naye akaja na mhusika wake, Kingo, na Mtanzania mwingine, Godfrey Mwampembwa, anayejulikana zaidi kwa jina la Gado, akahamia Nairobi mwaka 1992 na kuwa miongoni mwa wachoraji wa katuni za kisiasa wanaoheshimiwa zaidi Afrika. Huko Marekani, mwaka huohuo wa 1992, Art Spiegelman alitunukiwa Tuzo maalumu ya Pulitzer, tuzo yenye heshima kubwa katika uandishi, kwa Maus, hadithi ya picha kuhusu namna wazazi wake walivyonusurika katika mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi. Mwenye duka anayeijua kazi yake hulizingatia hilo tangu anapopanga rafu: za watoto huziweka chini, usawa wa macho yao, na zenye vita, mapenzi au siasa huziweka juu na karibu naye, ili amwone anayeomba kuziangalia.

Wazazi na baadhi ya walimu huongeza shtaka zito zaidi, kwamba katuni humharibu mtoto tabia na kumfanya mvivu wa kusoma. Shtaka hili lina asili inayofahamika. Mwaka 1954 daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alichapisha kitabu nchini Marekani akidai kwamba katuni zinachangia uhalifu wa vijana. Baraza la Seneti likafanya vikao kulijadili jambo hilo, na wachapishaji, kwa hofu ya kutungiwa sheria, wakajiwekea kanuni kali ambazo zililegea kidogo kidogo hadi wachapishaji wa mwisho walipoziacha mwaka 2011. Mwaka 2012 mtafiti Carol Tilley, aliyepitia nyaraka za Wertham mwenyewe, alionyesha kwamba daktari huyo alikuwa amegeuzageuza na kutia chumvi maelezo ya vijana aliowahudumia. Si kwamba kila katuni inamfaa kila mtoto, la hasha. Lakini mtoto wa Igoma au Buzuruga anayeshika katuni ya Kiswahili anasoma maneno, anafuata mfuatano wa matukio, na anakisia mwenyewe kilichotokea kati ya kisanduku kimoja na kinachofuata. Huko ni kusoma, na kwa mtoto asiye na kitabu kingine nyumbani zaidi ya vile vya shule, huenda ndiko kusoma pekee anakokufanya kwa hiari yake.

Iko dhana nyingine ambayo huwavutia vijana wanaotaka kuingia katika biashara hii, nayo ni kwamba katuni za zamani ni mali ya thamani, hivyo mwenye duka amekalia utajiri. Ni kweli kwamba mwaka 2024 nakala moja ya toleo la kwanza la Action Comics, lililouzwa senti 10 mwaka 1938 na kumtambulisha Superman, ilinunuliwa kwa dola milioni 6. Kinachosahaulika ni kwamba thamani hiyo inatokana na uhaba: nakala zilizosalia zinakadiriwa kuwa takribani 100 tu, kwa sababu wakati ule hakuna aliyeona haja ya kuzihifadhi. Wamarekani wenyewe waliisahau hesabu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Toleo la kwanza la mfululizo mpya wa X-Men la mwaka 1991 liliagizwa kwa zaidi ya nakala milioni 8, na toleo la mwaka 1992 lililosimulia kifo cha Superman lilinunuliwa na watu waliolifungia kabatini likiwa bado ndani ya mfuko wake mweusi wa plastiki, wakitumaini kwamba lingewasomeshea watoto. Kitu ambacho kila mtu ameweka akiba hakiwezi kuwa adimu. Bei zilipoporomoka, maelfu ya maduka yalifungwa, na kampuni ya Marvel yenyewe, mchapishaji wa X-Men, iliomba kinga ya kufilisika, yaani ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, mwishoni mwa mwaka 1996. Tena, ule wingi wa nakala milioni 8 haukuwa umenunuliwa na wasomaji. Ulikuwa umenunuliwa na wenye maduka, na nyingi zilibaki mikononi mwao.

Hapo ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo wengi hawalijui kabisa, ingawa ndilo kiini cha maisha ya mtu huyu. Watu hudhani kwamba muuza katuni hupewa mzigo, akauza ulioisha, kisha akarudisha uliobaki, kama afanyavyo muuza magazeti anayempelekea wakala nakala zilizokosa wanunuzi. Ndivyo ilivyokuwa Marekani hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati katuni zikiuzwa kwenye vibanda vya magazeti na maduka ya dawa. Kisha mwalimu mmoja wa Brooklyn, Phil Seuling, ambaye pia alikuwa akiandaa maonyesho ya katuni, akapatana na wachapishaji kwamba atanunua moja kwa moja kwao kwa punguzo kubwa zaidi, kwa sharti kwamba hatarudisha chochote. Mpango huo uliyawezesha maduka ya katuni pekee kuenea nchi nzima, kwa kuwa faida ya kila nakala iliongezeka, lakini pia ulimbebesha mwenye duka hasara yote ya nakala isiyouzwa. Humlazimu kuagiza miezi miwili au zaidi kabla, akiwa hajaiona kazi yenyewe, kwa kutegemea kumbukumbu ya wateja wake na busara yake.

Wa Mwanza hana mkataba wa namna hiyo, lakini mzigo wa hatari anaoubeba ni uleule. Vitabu anavyonunua kwa bei ya jumla Kariakoo, au kwenye marobota ya vitabu vya mtumba, hulipiwa taslimu, kisha vikasafiri kwa basi zaidi ya kilomita 1,100, na hakuna wa kumrudishia kile ambacho hakikupata mnunuzi. Mchuuzi wa Mwaloni ambaye dagaa wake hawakuisha leo huwaanika na kuwauza kesho. Katuni isiyouzwa hubaki rafuni na mtaji wake umelala ndani yake, huku kodi ya fremu, ambayo aghalabu hudaiwa miezi kadhaa kwa mkupuo, ikisubiri. Tena hali ya hewa ya ziwani haimsaidii. Pini zilizoshikilia kurasa za katikati hupata kutu wakati wa masika, kutu ikachora duara la kahawia kwenye karatasi, na wakati wa kiangazi vumbi hujipenyeza kwenye mikunjo. Nimemwangalia mmoja wao akifungua kila nakala kwa vidole viwili, akaikung'uta, akaifuta mgongo kwa kitambaa kikavu, akairudisha kwenye mfuko wake wa plastiki na kuupindua mdomo wa mfuko kuelekea chini ili vumbi lisiingie. Hufanya hivyo asubuhi, kabla ya wateja, na hakuna anayemlipa kwa saa hiyo. Anayesema kwamba kazi hii ni ya kukaa tu na kusoma bure hajaiona.

Wengine hukubali yote hayo, kisha wakasema kwamba hata hivyo duka moja haliwezi kubadili kitu. Mifano iliyo wazi inasema vingine. Gary Arlington alifungua duka dogo la katuni pekee San Francisco mwaka 1968, na likawa mahali pa kukutania wachoraji waliokuwa wakitoa kazi zao nje ya kampuni kubwa. Baadhi yao walikuja kuwa majina makubwa ya sanaa hii. Joe Field, mwenye duka katika mji wa Concord, California, ndiye aliyependekeza kwamba siku moja kila mwaka maduka yagawe katuni bure. Siku hiyo ilianza Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2002, ikaenea katika nchi nyingi, na wapokeaji wengi hawajui kwamba nakala hizo "za bure" hulipiwa na mwenye duka kutoka mfukoni mwake. Huku kwetu ushawishi hupita njia ya utulivu zaidi. Mwanafunzi wa chuo anaingia akiulizia katuni za Kijapani, kwa sababu ameona filamu zake kwenye simu; muuzaji anampa, halafu anamwekea pembeni toleo la zamani la Sani na kumwambia, "Chukua na hili, mdogo wangu, usome babu zako walivyochora." Kijana anayeonyesha daftari lake la michoro kwa mara ya kwanza huenda kulionyesha pale, kwa kuwa nyumbani ataulizwa kama amemaliza hesabu. Naamini kwa dhati kwamba mji usio na mtu wa namna hii hukosa wachoraji ambao hautajua kamwe kwamba uliwakosa.

Inabaki dhana kwamba simu imelimaliza duka. Simu imechukua wasomaji wa kupitisha muda, hilo halina ubishi. Lakini pigo kubwa lililoyapata maduka ya Marekani hivi karibuni lilitoka kwenye usambazaji: kampuni ya Diamond, ambayo tangu mwaka 1997 hadi 2020 ilikuwa karibu njia pekee ya katuni za kampuni kubwa kufika madukani, iliomba kinga ya kufilisika mwezi Januari 2025 na kuwaacha wenye maduka wakihangaika kutafuta mzigo. Shida ya Mwanza ni ya ukoo mmoja na hiyo. Wapo wasomaji na wapo wachoraji, wengi wao wakiweka kazi zao kwenye simu tu, lakini kitabu kilichochapwa kwa Kiswahili ni vigumu kukipata dukani. Njia ya kuanzia tunayo tayari katika biashara zetu za kila siku, nayo ni mali kauli: mchoraji achape nakala chache anazozimudu, azikabidhi dukani, waandikishane idadi, bei, mgawanyo wa mapato na tarehe ya kuhesabiana, na zitakazobaki azichukue apeleke Bukoba, Musoma au Ukerewe. Kwa utaratibu huo mwenye duka hapotezi mtaji kwa kazi ya mtu asiyejulikana bado, na mchoraji hupata rafu na, zaidi ya rafu, mtu wa kumwambia mteja kwa nini anunue.