Maji niliyoyaruhusu na maji yaliyokuja

Nilianza mafunzo ya kazi Lindi Julai 2024. Miezi miwili nyuma, kimbunga Hidaya na mvua zake vilikuwa vimeikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, Kilwa, na huku kusini kila mtu alikuwa na habari yake ya siku zile: aliyelala njiani, aliyeshindwa kumfikisha mgonjwa. Mimi nilitoka chuo na fomula zangu za maji kichwani. Nikapangiwa makalavati mawili, yaani njia za kupitisha maji chini ya barabara, kwenye barabara ya udongo inayoshuka kutoka upande wa Mtama kuelekea bonde la Mto Lukuledi.

Kwa asiyejua, hapa Tanzania mhitimu hawi mhandisi kamili siku anapovaa joho. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango uitwao SEAP: miaka 3 ya kufanya kazi chini ya mhandisi mzoefu, unaandika kwenye daftari ulichokifanya, naye anasaini. Daftari langu lina kurasa mbili ambazo hadi leo nazirudia.

Ukurasa wa kwanza ni wa zege. Tulikuwa tunamwaga ukuta wa pembeni wa kalavati la kwanza, ule unaozuia tuta la barabara lisiporomokee mfereji. Zege lilikuwa la daraja la 25, maana yake mche, yaani kipande cha zege cha kupimia chenye sentimita 15 kila upande, ukishafikisha siku 28, ubebe niutoni 25 (niutoni ni kipimo cha nguvu) kwa kila milimita ya mraba. Kwa kila mfuko wa saruji wa kilo 50 tulitakiwa kutia lita 25 za maji. Ilikuwa saa saba mchana, Septemba, jua la utosi. Zege lilikuwa linakaza kwenye toroli kabla halijafika. Fundi akanigeukia: "Dada injinia, tuongeze maji kidogo, halishuki kwenye nondo." Nikasema sawa.

Tuliongeza kama lita 5 kwa mfuko. Unaweza kuona ni kidogo. Lakini saruji, ili igeuke jiwe, inahitaji maji ya robo tu ya uzito wake. Kwa mfuko mmoja ni lita 12 na ushee. Mengine yote ni ya kulainisha zege lipangike vizuri. Hayo ya ziada yakishatoka huacha vitundu visivyoonekana kwa jicho, na vitundu hivyo ndivyo vinavyopunguza nguvu, na baadaye ndiyo njia ya unyevu kuifikia nondo ikaanza kuota kutu. Kwa ruhusa yangu, uwiano wa maji na saruji ulitoka 0.5 ukaenda 0.6.

Miche ya zege ya siku 7 ilipasuka kwenye kipimo ikiwa na niutoni 12, wakati tulitegemea 16 au 17. Tukasubiri siku 28. Ikafika 19. Ukuta ukavunjwa, siku tatu za nyundo, na nilisimama pale siku zote tatu. Msimamizi wangu hakunipigia kelele. Aliniambia tu, "Andika aliyeruhusu ni nani." Nikaandika: niliruhusu mimi. Akasaini chini yake.

Ukuta wa pili tulianza kuumwaga saa kumi na moja alfajiri. Kokoto zilikuwa zimefunikwa kivulini tangu jana yake ili zisiingie kwenye mikisa zikiwa za moto, na kabla ya toroli la kwanza kuondoka nilipima ulaini mwenyewe: kibati cha umbo la pia chenye urefu wa sentimita 30, unakijaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unalidunga kwa fimbo ya chuma mara 25, unakiinua, unapima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka kupita kipimo, linarudi. Baada ya hapo tukaufunika ukuta kwa magunia ya korosho yaliyoloweshwa, siku 7 bila kuyaacha yakauke. (Fanyeni kazi hii mapema. Ikifika Oktoba msimu wa korosho unafunguliwa, na gunia hulipati hata la kuazima.)

Ukurasa wa pili ni wa kalavati la pili, kilometa moja mbele. Mchoro ulionyesha bomba moja la kipenyo cha milimita 900. Nilikuwa napima leveli pale, mama mmoja anayelima mpunga bondeni akasimama akaniangalia kwa muda. "Mwanangu, hilo bomba ni la maji ya wapi?" Nikamwonyesha mkondo. Akatikisa kichwa. Akanipeleka kwenye mwembe ulio jirani, akaweka mkono kwenye mstari wa tope uliokaukia kwenye gome. Ulikuwa usawa wa kiuno changu. Kisha akaonyesha kilima: "Zamani kule pori. Sasa hivi ufuta mtupu."

Kiasi cha maji yanayofika kwenye kalavati tunakikadiria kwa vitu vitatu: ukubwa wa eneo linalomwaga maji pale, ukali wa mvua, na sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini. Hiyo ya tatu haisomeki kwenye ramani ya zamani. Pori linanyonya; shamba lililofyekwa linaachia. Ukiikadiria 0.2 kumbe imefika 0.4, maji yanakuja mara mbili, na bomba lako liko vilevile. Nilipanda kilima kile na msimamizi, tukapima upya, mchoro ukabadilishwa ukawa wa mabomba matatu.

Machi iliyofuata, mvua zikiwa zimekolea, nilirudi. Alama ya tope ilikuwa kiganja kimoja chini ya paa la mabomba. Barabara ilikuwa nzima. Ila upande wa chini, pale maji yanapotoka kwa kasi, mawe tuliyoyapanga yalikuwa yamesombwa, na pamechimbika shimo la kufika gotini linalorudi polepole kuelekea kwenye msingi. Yule mama alikuwa shambani kwake. Nilimwita aje aniambie lilianza mvua ya lini, nikatoa futi, nikaanza kulipima.