Mtoto kaungua na maji ya moto: majibu ya maswali mnayonitumia toka shule zifungwe

Mimi ni nesi, nipo kituo kimoja cha afya huku Mbagala, Dar es Salaam, chumba cha vidonda. Saivi, Mei 2020, tunaingia wiki ya nane watoto wako nyumbani, toka serikali ifunge shule tarehe 17 Machi 2020, siku moja tu baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini. Tuliambiwa siku 30, zimepita, bado tupo. Mnaniuliza sana kuhusu korona na nawajibu, lakini kinachoninyima usingizi mimi kwa sasa ni watoto wanaoungua majumbani, na zaidi ya kuungua ni vile mnavyowapaka kabla ya kuwaleta. Nimechoka kurudia kwenye simu, naandika hapa mara moja.

Swali: Nesi, sisi si hatujafungiwa ndani kama Uganda na Rwanda? Sasa kuungua kunahusiana nini na korona?

Kweli hatujafungiwa, daladala zinatembea na sokoni watu wanaenda. Ila angalia nyumba yako. Chumba na sebule ya kupanga, watoto wanne ambao saa hizi wangekuwa darasani, baba naye kazini kaambiwa akae kwanza nyumbani atapigiwa simu, na juu ya hapo ni masika. Mvua ikianza jiko la mkaa linatolewa barazani linaingizwa koridoni, au linawekwa pale mlangoni pa chumba ambapo kila mtu anapita. Watoto nao hawatoki nje. Alafu ni Ramadhani, ikifika saa kumi na moja jioni uji unachemka, kuna tambi, kuna mafuta ya kaimati, na watoto wana njaa wanazunguka hapohapo kwenye sufuria. Wengi ninaowapokea wameungua kati ya saa kumi na magharibi. Ukimuuliza mama imekuwaje anakwambia "nimegeuka kidogo tu kuchukua mwiko".

Swali: Nitajuaje kaungua kidogo au sana?

Pakiwa pekundu tu bila lengelenge ni juujuu. Pakitoa malengelenge joto limeshaingia ndani. Pakiwa peupe kama nta au peusi, alafu mtoto hasikii maumivu pale, hapo ndio pabaya kuliko pote, msije mkashukuru kwamba "mbona halii". Na kumbukeni ngozi ya mtoto ni nyembamba, chai ambayo wewe unaipuliza mara mbili unakunywa, yeye inamvua ngozi.

Swali: Kitu cha kwanza nifanye nini?

MAJI. Maji ya kawaida ya baridi, ya bombani au ya ndoo, mmwagie pale alipoungua taratibu mfululizo kwa dakika 20. Ishirini, angalia saa kabisa, maana kwa mama aliyechanganyikiwa dakika mbili zinaonekana kama ishirini. Wakati unamwagia mvue nguo, bangili, shanga, kamba ya kiunoni, kila kitu kilicho karibu na hapo kabla hajavimba. Nguo iliyoganda kwenye ngozi usiivute, iache, kata kuizunguka.

Najua maji yenyewe ya mgao. Ndoo moja inatosha. Muweke mtoto kwenye beseni safi, chota na kopo mwagia, yale yaliyodondokea kwenye beseni chota mwagia tena. Kama kaungua eneo kubwa au ni kichanga, sehemu nyingine ya mwili mfunike khanga kavu, na akianza kutetemeka acha maji mkimbize hospitali. Ukimaliza funika kidonda na khanga safi iliyofuliwa, usiweke pamba, inanata. Na kama ulichelewa kujua, hata yakipita masaa mawili bado mmwagie, mpaka masaa matatu maji yanasaidia.

Swali: Lakini mama mkwe wangu anasema maji ndio yanaleta malengelenge.

Hapana. Shikamoo yake nampa, lakini hapana. Malengelenge yanaletwa na joto. Ukiepua wali jikoni ukaufunika, si unaendelea kuiva wenyewe? Nyama ya mtoto ni hivyohivyo, uji umeshaufuta lakini joto limebaki chini ya ngozi linaendelea kupika. Maji ndio yanalitoa. Mtoto aliyemwagiwa maji mapema anaweza kupona bila kovu, na mwenzie aliyeungua uji uleule akapakwa vitu anakaa wodini wiki kadhaa. Lengelenge lenyewe likitoka msilipasue, ile ngozi ya juu ni bandeji ya bure.

Swali: Dawa ya meno je? Maana inapoza kabisa, mwenyewe nimejaribu.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize.

Juma lililopita kaletwa mtoto wa kiume, miaka mitatu, kaja na bodaboda kapakatwa na bibi yake. Kifua chote cheupe. Kabla sijamfunua vizuri chumba kizima kinanukia minti. Uji wa futari ulimwagika kuanzia kidevuni mpaka tumboni, bibi akakimbilia dawa ya meno, akampaka tyubu nzima, nzima kweli maana lile tyubu tupu alikuwa bado kalikamata mkononi kalikunja kama tiketi. Ananiambia kwa kujiamini kabisa, "Nesi mimi nimewahi, nimempaka hapohapo." Mtoto kaungua saa kumi na mbili jioni jana yake, kaletwa asubuhi saa mbili.

Ile dawa ilikuwa imekauka imekuwa kama rangi ya ukutani. Ili nione kidonda ilibidi niiloweshe na maji ya dripu na kuitoa kidogokidogo, na kila kipande kinatoka na ngozi. Karibu saa zima. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika ikawa anafungua mdomo tu. Na maumivu yale hayakuletwa na uji, yaliletwa na dawa ya meno.

Ule ubaridi unaousikia ni minti, inakudanganya ulimi na inakudanganya ngozi, joto halijatoka, umelifungia ndani kama mfuniko wa sufuria. Kidonda kinachafuka, na mimi au daktari hatuoni kimeingia kiasi gani. Kwa hiyo dawa ya meno, HAPANA. Ya karafuu, ya mwarobaini, ya watoto yenye harufu ya matunda, zote hapana.

Swali: Basi asali? Yai bichi? Kuna jirani ana manyoya ya sungura.

Hapana, hapana na hapana. Yai bichi lina vijidudu vyake na unayapeleka kwenye nyama isiyo na ngozi. Manyoya yananasa ndani, nimeyatoa kwa kibano unyoya mmoja mmoja. Unga wa ngano unakuwa uji mwingine juu ya kidonda. Mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, chumvi, majivu, mkojo, yote nimeshayakuta. Jivii, ile dawa ya zambarau, nayo muiache, inapaka rangi kila mahali hatuoni kitu. Barafu pia hapana, inaua ngozi ambayo ilikuwa bado hai. Kama mkono unakuwasha kupaka kitu, paka maji.

Swali: Ni lini lazima niende hospitali? Naogopa, wanasema ukienda saivi wanakuunganisha na wa korona.

Hili la kuogopa ndilo linawachelewesha, na nawaelewa, toka hospitali ya Amana itengwe kwa ajili ya wagonjwa wa korona watu wa Ilala na Buguruni wanaona kila hospitali ndio hivyo. Sio. Mtoto aliyeungua anaenda chumba cha vidonda, wenye kikohozi na homa wana sehemu yao. Kituoni kwetu unakuta ndoo ya maji tiririka getini, unanawa, unavaa barakoa yako, unaingia. Na mtoto chini ya miaka mitano kwenye hospitali ya serikali utaratibu ni matibabu bure, kwa hiyo la hela nalo lisikukalishe nyumbani, njoo na kadi yake ya kliniki.

Pima na kiganja cha mtoto mwenyewe pamoja na vidole, hicho ni kama asilimia 1 ya mwili wake. Palipoungua pakizidi kiganja kimoja, njoo SIKU HIYOHIYO. Na haijalishi padogo kiasi gani kama ni usoni, mikononi, miguuni, sehemu za siri, au kwenye maungio kama kwapa, shingo na goti. Kichanga chochote, njoo. Umeme, njoo hata kama unaona alama ndogo tu, umeme unaunguza kwa ndani. Kavuta moshi au sauti imekwaruza, kimbia.

Viganja vikifika kumi anahitaji dripu, na hapo tunampeleka hospitali ya Temeke au Muhimbili. Watu hawaelewi hiki: siku ya kwanza kinachoua mtoto ni kupoteza maji ya mwili. Ngozi ikitoka maji yanavuja pale usiku kucha, yanaloweka shuka, asubuhi mtoto kapoa, ana kiu, hajakojoa, kalegea. Nyumbani wanasema "kalala vizuri leo". Hajalala huyo. Nasema tena, siku hiyohiyo, usiku huohuo, sio asubuhi, sio tuangalie kwanza. Mnaomsubiri mpaka siku ya tatu mnamleta kidonda kinanuka, na wengine baada ya miezi kidevu kimeshikana na kifua hawezi kuangalia juu.

Kabla ya kutoka unaweza kumpa parasetamoli kwa dozi ya umri wake. Na tutaangalia kama amemaliza chanjo, kwa sababu ya pepopunda.

Swali: Nesi naomba usinitaje. Mtoto kaungua nikiwa naongea na simu, naogopa mume wangu akijua. Nimempaka asali nimemfunika na nguo ya mikono mirefu.

Dada yangu, uko peke yako kwenye kuandika tu, kwenye kufanya mko wengi. Kina mama wanaficha kidonda mpaka baba alale, na dada wa kazi wanaficha mpaka waambiwe mbona mtoto ananuka. Mleteni, sisi pale hatuulizi nani alikuwa kwenye simu, tunauliza kaungua saa ngapi na kapakwa nini. Na nyie kina baba mnaosoma hapa, ukimkuta mkeo na mtoto aliyeungua swali la kwanza "ulikuwa wapi" linagharimu masaa matano. Wewe mwenyewe ulikuwepo, umekaa kwenye kochi unaangalia simu, toka Machi upo. Shika ndoo umwagie. Mtoto naye asichapwe kwa kumwaga uji, ameshaadhibiwa na uji. Nyumba ikifika pa kupigana kweli, namba 116 ni ya kusaidia watoto, ni bure, na polisi kuna dawati la jinsia na watoto.

Swali: Tunaishije sasa humu ndani, chumba kimoja, watoto watano?

Mkae muongee kama watu wazima, ile saa ya kupika kuna mmoja anapika na mmoja anashika watoto, ndio kazi yake hiyo, asipike huku kabeba mgongoni. Mama mmoja wa Kizuiani kachora mstari wa chaki kuzunguka jiko, anayeuvuka hapati kaimati, na ananiambia umefanya kazi kuliko makofi. Mpini wa kikaango ugeuzwe ukutani. Chupa ya chai isikae juu ya kitambaa cha meza ambacho mtoto anaweza kukivuta. Maji ya kuoga anza kuweka ya baridi kwenye beseni ndio uongeze ya moto. Na mtoto wa miaka nane asitumwe kuepua sufuria eti kwa kuwa shule zimefungwa yuko bure.

Swali: Kujifukiza?

Mvuke hauui kirusi cha korona mwilini. Mkubwa akiamua kujifukiza ni mwili wake, lakini kumfunika mtoto blanketi na sufuria ya majani ya mchaichai inayotokota katikati ya miguu yake, jamani. Nimepokea wawili mwezi huu, walipiga teke wakaimwagia mapajani. Usifanye. Sanitaiza nayo ni spiriti, inashika moto, ukipaka subiri ikauke ndio ukaribie jiko, na isikae kwenye chupa ya soda.

Swali: Wa kwangu kaungua juzi mkono, nilimpaka dawa ya meno kabla sijasoma hapa, anacheza tu, nije?

Njoo leo. Usiibandue, usiongeze kitu juu yake, mfunge khanga safi mpande bajaji mje. Tunafungua saa moja na nusu asubuhi, na ukifika usiku, nesi wa zamu yupo, gonga dirisha la mapokezi.