Utayari wa mwogeleaji katika mashindano ya baharini ni nini?

Utayari ni kuweza kuogelea umbali wa shindano, na pia kuweza kutulia katikati ya maji marefu bila kushika kitu. Hili la pili ndilo husahaulika kupimwa. Anayemaliza mita 1,500 bwawani hupata nafuu kila anapogusa ukuta; kati ya Lindi mjini na Kitunda, ng'ambo ya ghuba, hakuna ukuta.

Kipimo cha busara: awe ameshaogelea umbali huo baharini bila kupumzika katika mwezi uliotangulia, aelee wima dakika 5 bila boya, kisha alale chali na kuinua mkono mmoja, ishara ya kuomba msaada. Aitoe mapema, maana anayezama kweli hana pumzi ya kuita wala nguvu ya kupunga. Ajizoeze pia kutazama mbele kila baada ya kupiga mikono 6 hadi 10, la sivyo atapotea njia. Wengi huvurugikiwa mwanzoni kabisa: wanatoka kwa kasi, wanabana pumzi, kifua kinakaza. Hapo apunguze mwendo, atoe pumzi yote majini.

Mkondo hauna adabu kwa mtu mwenye mazoezi. Anayeogelea mita 100 kwa dakika 3 anakwenda kilomita 2 kwa saa. Akikutana na mkondo wa kasi hiyohiyo, atapiga mikono na kubaki palepale. Ndiyo maana mlango mwembamba wa bandari ya Mtwara, upande wa Msangamkuu, haufai kuvukwa maji yakipwa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana. Pangeni siku ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, asubuhi, kabla upepo wa kusi haujakaza.

Kanuni za kimataifa zinataka maji yawe kati ya nyuzi 16 na 31 za Selsiasi, yapimwe saa 2 kabla ya kuanza, katikati ya njia, kina cha sentimita 40. Pwani yetu tatizo ni joto, si baridi. Mmarekani Fran Crippen alifariki mwaka 2010 akishindana kilomita 10 katika maji ya moto huko Fujairah, Falme za Kiarabu.

Kila mwogeleaji avae kofia ya rangi kali yenye namba. Mitumbwi ya makasia ikae karibu naye. Boti za injini zikae mbali na kundi kwa sababu ya propela. Wavuvi waarifiwe mapema, nyavu ziondolewe njiani. Kisha watu wahesabiwe wakiingia na wakitoka, walioacha njiani wakiwemo: mmoja akienda zake nyumbani kimya kimya, boti zote zitaanza kumtafuta, na walio bado majini watabaki bila mlinzi.